Hatua Moja Mbele ya Beki

Kipa ni mtu aliyeshindwa kukimbia. Nimelisema hili tangu ujana wangu na silifuti. Mpe mtu glavu, mruhusu kushika mpira kwa mikono huku wenzake kumi wamekatazwa, na bado atatoka golini kufuata krosi isiyomhusu, ataanguka, atashika goti, halafu atainuka kuwafokea mabeki. Na mabeki wenyewe siwaonei huruma. Beki wa siku hizi ameona kwenye televisheni wenzake wa Ulaya wakipasiana mbele ya goli lao, basi naye anapasiana mbele ya goli lake, kwenye uwanja wenye mashimo, na akinyang'anywa anafungua mikono kama aliyeonewa. Enzi zetu beki alikuwa na kazi moja tu, kuupeleka mpira ng'ambo ya barabara.

Winga ndiye ninayemdharau kuliko wote. Amepaka nywele rangi, viatu vyake vinaonekana kutoka mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Katuba, na kazi anayoifanya kwa dakika tisini ni kukimbia hadi kwenye kona, kusimama, kugeuka na kuurudisha mpira alikotoka nao. Kisha anawapigia mashabiki makofi. Wanampigia pia, na hapo ndipo ninapojua kwamba mashabiki nao wameoza.

Nimeyasema haya kwa zaidi ya miaka arobaini kwenye ngazi za saruji za uwanja wa komini yetu, sehemu yetu ya mji, hapa Lubumbashi, upande ule ambao jua la saa tisa linakuwa mgongoni. Nilikuwa fundi wa umeme kwenye karakana za reli, kama baba yangu, na sasa nimestaafu. Timu yetu sitaitaja jina. Imejiaibisha ya kutosha bila msaada wangu.

Sheria nazo wameziharibu. Wanabadilisha wachezaji watano, yaani nusu ya timu, kana kwamba watu wanacheza kwa zamu ya mgodini. Sheria ya kushika mpira, hata aliyeitunga ukimuuliza atakuomba maji kwanza. Ninayoiheshimu ni moja tu, ile ya kuotea, ambayo sisi hapa tunaiita hors-jeu. Hiyo haina maneno. Ama umemzidi beki wa mwisho, ama hujamzidi, na aliyekaa mahali pazuri anaona.

Mimi nilikuwa ninakaa mahali pazuri. Ninakaa ngazi ya chini kabisa, na mabeki wakipanda, ninajisogeza nao kwa makalio, wakirudi, ninarudi. Suruali zangu zote ziliisha nyuma kwanza. Watu walinicheka, lakini kibendera kikipanda ngazi nzima iligeuka kunitazama. Nikitikisa kichwa kukubali, walikaa chini. Nikikataa, waliinuka. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyowahi kuwa nayo mjini hapa, na niliipenda kuliko ilivyostahili.

Mshika kibendera wa upande wetu, kwa miaka mingi, alikuwa mtani wangu. Familia yake ilitoka Kasenga, watu wa samaki wa mto Luapula, na kwa upande wa mama yeye alikuwa wa ukoo wa Samaki. Mimi, kwa mama yangu, ni wa ukoo wa Mamba. Anayejua mambo ya koo zetu hahitaji maelezo zaidi. Asiyejua, ajue hivi: Mamba anaweza kumtukana Samaki popote, mbele ya mkwe, mbele ya padri, hata mbele ya jeneza, na Samaki haruhusiwi kukasirika. Naye anarudisha, nami sikasiriki. Mtu akimkasirikia mtani wake, wazee wanamwona hana malezi. Sisi wawili hatukuitana kwa majina hata siku moja. Yeye alikuwa Samaki, mimi Mamba, na wake zetu walituita hivyo hivyo.

Kama mwamuzi alikuwa mzuri, na hilo linanikera kuliandika, maana waamuzi ninawadharau wote kwa jumla. Mwamuzi ni mtu aliyependa mpira, mpira ukamkataa, naye akarudi na filimbi kulipiza kisasi. Lakini huyu alikuwa amejitolea kweli. Shati lake jeusi alilipiga pasi mwenyewe, hakumwachia mkewe. Jumapili ya mechi alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akatembea ukingoni mwa uwanja mtupu, mbele na nyuma, akiangalia mahali penye mashimo ili asije akatazama chini wakati wa kutazama mbele. Alingoja siku moja apewe filimbi ya katikati kwenye mechi kubwa. Walikuwa wamekwisha kumwahidi.

Halafu ikaja fainali ya mashindano ya komini, timu yetu na jirani zetu wa ng'ambo ya reli, watu ambao mpira kwao ni namna nyingine ya kupigana. Tulikuwa tumefungwa moja. Dakika za mwisho kiungo wetu, ambaye siku nzima alikuwa ametembea kama mtu anayetafuta funguo zake, akatoa pasi ya maana, kwa bahati mbaya yake mwenyewe. Mshambuliaji wetu, attaquant kwa lugha ya ngazini, akaupokea mpira, akafunga. Uwanja ukaruka. Kibendera cha Samaki kilikuwa juu.

Mimi nilikuwa nimekaa sawasawa na beki wao wa mwisho. Hakukuwa na mtu wala mti kati yangu naye. Mshambuliaji wetu alikuwa ametangulia hatua nzima, hatua ya mtu mzima, si kidole wala bega. Samaki alikuwa ameona vizuri, nami nilikuwa nimeona vizuri, na ngazi nzima ilinigeukia.

Mwanamume mmoja aliuliza, "Mukubwa, weye ulikuwa palepale. Uliona nini?"

Ningeweza kutikisa kichwa tu kukubali kibendera. Nilisema, "Balikuwa sawa, yeye na beki. Ule Samaki eko kipofu tangu ku tumbo ya mama yake."

Nilisema kwa utani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa dakika moja ilikuwa kweli. Walio karibu walicheka. Walio nyuma yao hawakusikia kicheko, walisikia tu kwamba mzee wa ngazi ya chini amekataa, na mawe yakaanza. Samaki aliondoka kati ya polisi wawili, shati jeusi limepasuka begani. Nilimwona akitafuta kitu ngazini kwa macho, na nikainama kufunga kamba za viatu.

Siku chache baadaye tume ya waamuzi ya pale komini, comité kama tunavyoiita, iliita mashahidi, na mashabiki wetu wakanipeleka mimi. Nilivaa koti. Hapo hapakuwa na utani wala Mamba wala Samaki, kulikuwa na meza, na watu watatu nyuma yake wakiuliza kwa Kifaransa. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba nilitania. Lakini nilifikiri jinsi nitakavyorudi kwenye ngazi zile mtu wa kawaida tu, mtu anayejisogeza kwa makalio bure, na nikasema walikuwa sawa. Nikaonyesha hata kwa mikono, mkono huu beki, mkono huu mshambuliaji. Walimsimamisha msimu mzima, na msimu ulipokwisha hakuna aliyemwita tena. Wacha winga, wacha kipa. Mtu ninayemdharau kweli amevaa koti pale mbele ya meza.

Samaki alikuja kwangu Jumamosi iliyofuata kikao kile. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akaomba maji, akanywa yote.

"Mamba, ulisema ile mbele ya ba comité?"

"Nilisema."

Alitazama kikombe. "Bon. Mamba inakula samaki. Miye nitasema nini?" Kisha akacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na mimi nikacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa pia. Kama angekuwa jirani tu, angenipiga, na ningekuwa mtu kamili leo. Utani ulimfunga mdomo yeye, ukanificha mimi, na nilijificha humo kwa zaidi ya miaka ishirini bila haya.

Jumapili hakuwa na kazi tena, basi alianza kuja kukaa nami. Tulijisogeza pamoja, mabeki wakipanda, mabeki wakirudi, wazee wawili wakifuta vumbi la ngazi kwa suruali zao. Yeye hakuwahi kuzomea mshika kibendera. Mimi nilizomea kwa wawili. Nilimwambia kwamba kijana yule wa upande wa pili anakimbia kama bata, na yeye akasema, "Mwache, jua iko mu macho yake," na mara zote jua lilikuwa kweli machoni pa kijana.

Mara moja nilikaribia kusema. Tulikuwa sebuleni kwake mchana, tunaangalia mechi ya Ulaya, na wakaleta ile mashine yao ya kuchora mistari kwenye televisheni. Mashine hiyo ninaidharau bila kipimo. Wanasimamisha watu elfu sitini dakika nne kupima kwapa la mtu. Samaki alikuwa ameinama mbele, mikono kati ya magoti.

"Kama siku ile kulikuwa hii mashini," alisema polepole.

Hakunitazama. Alingoja. Nilijua anangoja, kwa sababu nimeishi karibu naye kuliko na ndugu zangu.

"Mashini ingeonyesha weye kipofu," nilisema, "na ingeharibika."

Alicheka hadi akakohoa, na mkewe akauliza kutoka jikoni Mamba amesema nini tena. Nilirudia, naye akacheka pia. Sikurudia kwa furaha.

Mwaka uliopita miguu yake ilivimba, kisha figo zikakataa. Nilikwenda kumwona hospitalini, na njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, ya Kiswahili kabisa, bila mzaha ndani. Nilipofika aliniuliza, kwa sauti ndogo, nani ameshinda. Nikamweleza. Nikamweleza jinsi kipa wetu alivyotoka golini kufuata mpira wa mtu mwingine. Alitabasamu. Nikamtukana yule kipa kwa nusu saa, kwa sababu alikuwa akitabasamu, na nikarudi nyumbani na maneno yangu. Alifariki kabla sijarudi tena.

Kwenye matanga yetu, asubuhi ya kuzika, kabla jeneza halijatoka uani, mtani anapewa nafasi yake. Kazi yake ni kumwigiza marehemu na kumtukana, ili wafiwa wapumue kidogo. Mjane alinipa mwenyewe shati jeusi, limepigwa pasi, begani pameshonwa kwa uzi mweusi. Alinipa na filimbi na kibendera. Nilivaa. Turubai lilikuwa limejaa, watu wa Kasenga upande mmoja, watu wa uwanjani upande mwingine, wanawake chini kwenye mikeka.

Niliifanya kazi yangu. Nilitembea kando ya jeneza mbele na nyuma kama alivyotembea yeye, nikiangalia mashimo. Nilimpigia padri filimbi kwa kutangulia. Niliwainulia wanakwaya kibendera, wote, waliooteaotea mbele ya kinanda. Watu walicheka, hata wakwe zake walicheka. Halafu nikafika karibu na kichwa chake nikasimama.

Nilishusha kibendera. "Bantu, munisikilize," nilisema. "Ile siku ya finale, attaquant wetu alikuwa hors-jeu. Hatua moja nzima. Miye niliona na macho yangu. Ku comité nilisema bongo, nilibadanganya. Huyu hakukosea."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia hata kwenye goli. Mzee mmoja wa ngazi za juu aliinama akishika mbavu. Mwingine alisema, "Sasa eko anatubu. Mamba eko anatubu." Walisubiri zaidi ya miaka ishirini kusikia mzaha huo na waliona nimeuhifadhi kwa siku yenyewe. Nilirudia. Nilisema si mzaha, na hilo likawaua kabisa. Machozi yalikuja, nikaacha yaje, nikidhani sasa wataelewa, lakini mtani anayelia kwenye matanga ni mtani anayejua kazi yake.

Mjane alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, mabega yakimtikisika. Tangu afiwe hakuwa amecheka hivyo. Alimwambia dada yake, "Huyu Mamba atatuua. Angalia, analia sawa vile ni kweli."

Vijana sita wakanyanyua jeneza. Nilisimama mbele yao nikainua kibendera wasimame. Walicheka, wakanizunguka, wakapita naye.