Mbwa Asiyebweka

Bi Filimbi alipewa jina hilo kwa sababu filimbi haikutoka shingoni mwake hata siku za harusi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwachukua mbwa waliotupwa, wale wanaookotwa na kituo cha wanyama wakiwa na mbavu za kuhesabika, na kuwafundisha kutafuta watu waliofukiwa na vifusi. Wifi yake hakuchoka kumtania: "Wenzako wanalea watoto, wifi, wewe unalea meno." Naye humjibu, "Meno yangu hayaniombi nguo mpya." Hucheka wote wawili, yakaisha.

Kanuni yake kubwa aliiandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwenye ukuta wa banda la mafunzo: MBWA ASIYEBWEKA HAJAONA. Ilikuwa na maana yake. Mbwa anamgundua mtu chini ya zege, mwokoaji yuko mbali na vumbi limetanda; asipobweka nani atajua? Basi aliyebweka penye mtu alirushiwa mpira wake, asiyebweka hakupata kitu. Na kwa mbwa wa kazi hii, mpira ndio mshahara na ndio sifa.

Ndipo akaja Kiraka. Alikuwa mweupe, jicho moja limezungukwa na doa jeusi, na puani ana kovu la waya. Mtu fulani, laana zake anazijua mwenyewe, alikuwa akimfunga mdomo ili asipige kelele. Lakini pua hiyo hiyo ilikuwa si ya kawaida. Wenzake wakiwa bado wanazungukazunguka, yeye keshamwona mtu ndani ya pipa lililofukiwa. Shida ni kwamba akishamwona, alilala chini, akaweka kidevu ardhini, akamkazia macho Bi Filimbi. Kimya.

"Bweka, baba," Bi Filimbi alimbembeleza. "Sema basi, hakuna atakayekupiga."

Kiraka alitetemeka tu. Ikapita miezi mitano. Mwisho, siku wakiwa wawili peke yao, Bi Filimbi akaanza kumrushia mpira kwa kule kulaza kidevu tu. Hakumwambia mtu yeyote. Aliona haya, maana kanuni ilikuwa yake, na ukuta ulikuwa pale pale.

Siku ya mtihani mkaguzi alikuja na fomu zake. Mbwa atakayefaulu angepewa mtu wa kufanya naye kazi. Atakayeshindwa angerudi kituoni, kwenye kizimba, amsubiri yeyote atakayemtaka, na kusubiri kwa huko kuna mwisho wake. Kiraka aliyapita marundo mawili ya matofali bila kuyajali. La tatu akalizunguka mara moja, akalala. Kidevu chini, macho kwa Bi Filimbi.

Dakika nzima ikapita. Wanafunzi wake walikuwa wamejipanga nyuma, wote wanaijua ile kanuni kama majina yao. Mkaguzi akageuka.

"Mwalimu, wewe ndiye unayemjua. Ameona au hajaona?"

Alijua. Jamani, alijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake! Neno lilikuwa moja tu. Akawatupia jicho wanafunzi wake.

"Hajabweka, mkuu."

Mkaguzi akaandika, akampa kalamu, naye akatia sahihi. Papo hapo fundi wa magari, aliyekubali kujificha siku ile, akajitoa kwenye rundo la tatu huku akijipangusa vumbi.

"Mbona mmeniacha humu?" akauliza. "Huyo mbwa amenipumulia kitambo!"

Watu wakacheka. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Bi Filimbi, na angeweza kuikata ile sahihi. Akajitia hamnazo, akairudisha kalamu kwa mwenyewe, akamwongoza Kiraka hadi kwenye gari. Mpira ulikuwa mfukoni mwake. Njia nzima mbwa aliutazama ule mfuko, na yeye hakuutoa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye hakumwomba mtu pole. Aliendelea na kazi, akafundisha wengine, wabwekaji hodari. Lakini alipopita pale bandani hakuinua macho. Mwaka wa pili ulipoisha alichukua brashi akayapaka yale maneno chokaa, na wanafunzi walipomuuliza alisema ukuta ulikuwa mchafu. Wiki ile ile akaenda kituoni kuulizia. Wakamwambia Kiraka alichukuliwa na ghala moja la saruji, akawe mbwa wa ulinzi.

Kwenye geti la ghala hilo alimkuta mlinzi mzee kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja wa kiti umefungwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata saruji?"

"Nimekuja kumwona mbwa."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Huyo? Mbwa jina tu. Miaka miwili namlisha, sijasikia hata 'bu' yake. Mwizi akija, nadhani atamkaribisha kiti."

Kiraka akatoka nyuma ya mifuko, kijivu kwa vumbi, mnyororo unaburuzika. Alipomfikia Bi Filimbi alisimama, akanusa mara moja, kisha akalala. Kidevu chini. Macho juu.

Moyo ukamruka Bi Filimbi. "Amenikumbuka!"

"Wapi!" mzee akasema. "Usijipe matumaini, mwanangu. Kila anayeingia hapa anamlalia hivyo hivyo. Dereva, wapagazi, hata bosi. Analala, anakutazama, anangoja. Anangoja nini, Mungu ndiye ajuaye."

Bi Filimbi alijua. Miaka miwili Kiraka alikuwa akitoa taarifa, mtu mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Akapiga magoti kwenye vumbi la saruji, machozi yakimtoka.

"Umeona, baba," akamwambia. "Umeona."

Mfukoni hamkuwa na mpira. Kiraka aliendelea kuutazama mfuko.