Nilimuambia avumilie, kumbe dawa ilikuwa inamuunguza

Mwenye ukurasa, naomba unifichie jina. Mi ni mama wa miaka thelathini na sita, niko na batoto batatu, bwana yangu anaendesha moto, pikipiki ya kubeba bantu, hapa Baraka. Miaka kumi na moja sasa natengeneza bamama nywele. Hii kazi sikuisomea. Nilikaa tu kwa saloni ya mama mudogo, nikaangalia mikono yake, kisha nikafungua yangu.

Miezi mbili iliyopita alikuja mwalimu mumoja, muteja wangu wa siku nyingi. Nitamuita Riziki. Dada yake alikuwa anaolewa kule Mboko, akataka nimulainishe nywele na dawa ya defriza. Nilimupaka, nikageuka kuongea na muteja mwingine. Kisha kidogo akasema, "Mama, inanichoma."

"Vumilia kidogo, ndiyo inashika."

Akasema tena. Nikamujibu vile vile, maana ndivyo mama mudogo alikuwa anajibu bateja wake. Mara ya tatu alikuwa analia tu. Nilipomuosha, ngozi ya nyuma ya sikio ilitoka na nywele, ikabaki mukononi mwangu.

Kwa hospitali infirmière, yule muuguzi, alimusafisha, kisha akaniuliza polepole, bila hasira. Je, nilimuuliza kama iko na vidonda kichwani? Hapana. Je, nilijaribu dawa kidogo kwanza kwa ngozi? Sikujua kama banafanyaka hivyo. Dakika ngapi ziliandikwa kwa kopo? Maandishi ilikuwa ya Kiingereza, na mi sijawahi kumuomba muntu anisomee.

Rafiki yangu aliyesomea coiffure, hii kazi ya nywele, kule Uvira aliniambia hayo yote yalikuwa masomo yao ya kwanza. Tena akasema walifundishwa kutafuta assurance, bima ya kazi, ili ukiumiza muntu apate matunzo. Niliona haya. Bwana yangu iko na karatasi ya assurance ya moto, siku akigonga muntu. Mi nagusa vichwa vya bantu kila siku, na sina hata kimoja, wala karatasi wala masomo.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Bwana ya Riziki alikuja kwetu na ndugu zake kuuliza ilikuwa nini. Mbele ya mi kufungua kinywa, bwana yangu akasema, "Ni dawa. Dawa ilikuwa ya bandia." Wote wakaniangalia.

"Uliinunua kwa nani?" bwana ya Riziki akauliza.

Nikataja. Ni mama mumoja mukimbizi wa Burundi, mujane, anauza mafuta na dawa za nywele sokoni. Toka siku ile bantu hawanunui kwake tena. Banasema wakimbizi banatuletea sumu. Lakini kopo ile ile nilikuwa nimeipaka bamama wengine wanne wiki hiyo, hakuna aliyeungua. Dawa haikuwa na kosa. Niliiacha kichwani muda mrefu sana, na niliambiwa mara mbili kama inachoma.

Wiki iliyopita yule mama alikuja kwangu nimusuke. Alikuwa amekonda. Nikiwa katikati ya kichwa akauliza, "Mama, we ndiye fundi. Dawa yangu iko na ubaya gani, ili niache kuiuza?"

Nikamujibu, "Sijui."

Akanishukuru. Akasema pengine ni mi peke yangu sijamutukana.

Nimeacha defriza kabisa, nasuka tu, na mikono inachoka mbele ya saa sita. Riziki anavaa kitambaa akienda kufundisha. Bado ananisalimia, na hiyo inaniuma kuliko kama angenigombeza. Nilimuambia bwana yangu nataka kusema ukweli, kisha niende Uvira nisome hii kazi toka mwanzo. Akajibu, "Ukisema, saloni imekufa, na batoto watakula nini? Nyamaza, bantu watasahau." Si mubaya, anaogopa tu. Hata mi naogopa.

Lakini kila siku ya soko napita mbele ya meza ya yule mama, naona makopo yamejipanga vile vile na vumbi juu, na yeye ananipungia mukono.

Bamama na badada munaosoma hapa, mi nimechoka kubeba hii peke yangu. Muniambie bila kunificha: niende kwanza kwa Riziki, ama kwa yule mama? Na nikifika, nianze na neno gani?