Kibuyu cha Kumpokea Kiplangat

Rodah alikuwa na ugonjwa mmoja ambao watu wa senta hawakuuelewa: hakutaka kusema jambo asilolijua. Katika nchi ya majani chai, ambako mtu akipiga chafya Kapsoit asubuhi, kufikia saa sita Sotik wameshamzika, ugonjwa huo ulimfanya aonekane mwenye kiburi. Ukimwuliza, "Mama Cheptoo, umesikia ya fulani?" atakujibu, "Nimesikia," kisha anaendelea kuchuma. Amesikia, basi. Hata ungemkazia macho namna gani, huongezewi neno.

Aliupata ugonjwa huo kwa bei ghali. Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ile njaa, ng'ombe wawili wa mwalimu walipotea, na watu wakasema aliyewachukua ni mume wa Rodah. Walisema tu. Walimtoa shambani asubuhi kwa rungu, na jua lilipokuwa linatua alikuwa ameshaaga dunia. Wiki mbili baadaye ng'ombe walipatikana Transmara pamoja na mwizi wao. Wale wale waliompiga wakaja na kilo mbili za sukari, wakasema pole sana mama, shetani ni mbaya. Rodah aliipokea sukari, akawapa viti, akawapikia chai. Shetani ana kazi nyingi huku kwetu, hata zile ambazo hakutumwa.

Tangu hapo aliishi na binti yake Cheptoo, ekari moja ya chai, ng'ombe watatu, na vibuyu vyake. Kwa vibuyu hakuwa na mpinzani. Alivisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka ndani vikanukia moshi, akayalaza maziwa humo siku saba, nane, na mursik yake, yaani maziwa hayo yaliyoganda, ilitoka na rangi ya majivu na ladha iliyowafanya wazee wafumbe macho. Ndiyo maana kila kijana wa eneo hilo aliporudi kutoka Ulaya na medali, aliyesimama mbele kumpokea alikuwa Rodah. Mkimbiaji hunywa kwanza, wazee hufuata. Kiplangat alikuwa amepokewa na kibuyu hicho mara tatu. Mara ya tatu alikuja na gari jeupe alilozawadiwa kwa kuwapita wazungu wote katika mbio za kuruka viunzi na maji, na watoto walilishika gari hilo mpaka likawa la udongo.

Kisha Aprili ya mwaka wa tisini na saba, asubuhi na mapema, ukungu ukiwa umelala juu ya chai kiasi kwamba huoni mkono wako, gari lilimgonga Okemwa. Okemwa alikuwa Mkisii, si Mkipsigis kama Rodah na Kiplangat, lakini jirani ya Rodah kwa miaka kumi na minne, mchuuzi wa maziwa kwa baiskeli. Walimkuta mtaroni amekufa, maziwa yamemwagika yote, na vipande vya kioo cha taa barabarani. Gari halikusimama. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka ng'ombe kwenye dipu kuogeshwa dawa alisema aliona kitu cheupe kikipita, lakini katika ukungu ule hata ng'ombe wake walikuwa weupe.

Wiki hiyo gari la Kiplangat lilikuwa halionekani. Wengine walisema liko Nakuru linatengenezwa taa. Wengine wakasema Kiplangat alikuwa kambini milimani siku hiyo, na kocha yuko tayari kuapa. Polisi walikusanya vioo kwenye karatasi ya gazeti, wakaenda navyo. Kila mtu alipouliza, jibu lilikuwa uchunguzi unaendelea.

Nao mwaka ulikuwa wa uchaguzi. Watu walikuwa hawajasahau moshi wa uchaguzi wa mwaka wa tisini na mbili, nyumba ngapi ziliungua kwenye mpaka huu, za upande huu na za upande ule. Sasa kwenye kituo cha kupimia chai Wakipsigis walianza kupanga foleni yao na Wakisii yao, bila mtu kutoa amri. Salamu zikawa fupi. Siku moja mbuzi wa Nyanchama, mjane wa Okemwa, alikutwa amekatwa miguu, na mwenye kufanya hivyo hakuiba hata nyama. Rodah aliogopa. Usiku alilala amevaa nguo zake za kutokea, tayari kukimbia.

Nyanchama alimjia shambani mwezi wa nane, mara tu redio iliposema Kiplangat ameshinda tena. Alisimama mwisho wa mstari wa chai, leso nyeusi kichwani.

"Mama Cheptoo, wanasema Jumamosi anakuja. Na ni wewe utampea maziwa."

"Ndiyo wanasema."

"Usimpe."

Rodah aliweka majani kikapuni. "Nyanchama, mimi sijui kama ni yeye. Hata wewe hujui."

"Kila mtu anajua! Lisemwalo lipo."

"Baba Cheptoo pia kila mtu alijua," Rodah alisema, na sauti yake ikakwaruza. "Walijua kabisa. Sasa mimi nimebaki na kaburi."

Nyanchama alichuma jani moja la chai, akalikunjakunja. Kisha akauliza polepole, "Na siku utajua?"

"Siku nitajua nitasema. Mchana, mbele ya watu. Sitakuficha kitu."

"Utasema juu ya mtu wenu? Kwa ajili ya mtu wetu?"

"Nimesema nitasema."

Nyanchama akaondoka bila kuaga. Rodah alihisi amekopesha kitu ambacho huenda hana.

Siku mbili baadaye akaja Mathew, sabchifu, na fimbo yake ya kazi. Yeye hakuzunguka. "Mama, Mheshimiwa mbunge atakuwa hapo. Kuna watu wanasema wewe umekuwa rafiki sana ya huyo mama Mkisii. Leta maziwa, mpe kijana, kaa chini. Sitaki maneno." Alipofika langoni aligeuka, akaitazama nyumba ya Rodah kuanzia paa hadi msingi, kama mtu anayetafuta mahali itakapoanzia kuungua. "Hii nyasi ya paa la jikoni imekauka sana," alisema.

Jumamosi uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Phelix, yule mwenye maikrofoni wa kila harusi na kila mchango, alipiga kelele mpaka spika ikalia. Wakisii walikuja pia, wachache, wakasimama nje ya ua wa miti pamoja na Nyanchama. Hakuna aliyewafukuza, hakuna aliyewakaribisha. Kiplangat alishuka kwenye gari jeupe. Taa zake zote mbili zilikuwa mpya, na Rodah, ambaye hakutaka kuzitazama, alizitazama.

Alimsogelea kijana na kibuyu. Kiplangat alikuwa amekonda kuliko mwanariadha anavyokonda. Alipiga goti kidogo kwa heshima, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua. Watu wakapiga vigelegele. Rodah alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na aliona midomo ikilowa, na koo halikwenda juu wala chini. Kisha akamrudishia kibuyu. Mwanamke aliyebeba vibuyu miaka thelathini anajua uzito wake. Hakikupungua hata tone.

Wakipsigis wote waliokuwa pale walijua, hata waliookoka, hata Phelix: mtu aliyemwaga damu ya mtu hagusi maziwa mpaka wazee wamtakase, kwa maana akiyanywa, ng'ombe waliokamuliwa watakauka na ndama watakufa. Kanisani husema mambo hayo yalipita. Yalipita kwa watu. Ng'ombe bado hawajabatizwa. Na Kiplangat alilelewa na nyanya yake, kikongwe aliyeshika mila mpaka kufa.

Lakini Rodah alijiambia, ngoja. Labda ni tumbo. Labda kocha amemkataza. Labda anaogopa kutiliwa sumu, kwa kuwa amesikia maneno ya jirani yangu. Sijui bado. Akainua kibuyu tena, mbele ya umati, akazungumza kwa Kipsigis, chini chini: "Kunywa, mwanangu. Kunywa nione."

Kijana akatikisa kichwa. Macho yake yalijaa.

"Usinilazimishe, mama," alisema kwa lugha hiyo hiyo. "Una ng'ombe watatu tu."

Alitaka kumwokolea ng'ombe. Rodah alimwonea huruma. Kijana mwema, mwenye adabu, na ameua. Sasa alijua. Angetoa chochote asijue.

Phelix alimpa maikrofoni, kama ilivyokuwa desturi, amwombee bingwa baraka. Rodah aliishika. Alimwona Mathew amekaza fimbo. Aliona leso nyeusi nje ya ua.

"Okemwa alikuwa jirani yangu," alisema. Spika ilirudisha sauti yake kutoka ukuta wa shule. "Nilinyamaza tangu mwezi wa nne, kwa sababu sikujua. Leo nimempa huyu kijana maziwa na hajakunywa. Nimempa mara mbili. Ameniambia anahurumia ng'ombe yangu. Nyinyi mnajua hiyo ni nini."

Umati mzima ulikuwa unamtazama Kiplangat, na kwenye viti vya mbele Mheshimiwa alimwinamia mtu wake akamnong'oneza. Rodah alisikia miti ya ua ikivunjika mahali Wakisii walipoisukuma. Mathew alimfikia Kiplangat, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamwambia neno sikioni.

Kiplangat alichukua kibuyu mikononi mwa Rodah. Safari hii hakupiga goti. Alikiinua, akanywa. Alikunywa kweli, funda baada ya funda, mursik ikimtiririka kidevuni na shingoni juu ya medali, mpaka kibuyu kikawa kitupu, na machozi yakimtoka wakati wote.

"Amekunywa!" Phelix alipaza sauti. "Bingwa amekunywa!" Uwanja ukalipuka. Watu walisema kijana analia kwa uchungu wa kusingiziwa. Mtu alimrushia Rodah gunzi la mahindi likampata begani, mwingine akamwita mke wa Wakisii. Alikwenda nyumbani kupitia lango la nyuma, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetembea naye.

Jumatatu karani wa kituo cha chai alimwambia majani yake yamekomaa mno, hayapokelewi. Hayakuwa yamekomaa. Jumanne alikuta mistari mitatu ya chai yake imefyekwa hadi shina. Nyanchama alikuwa anafunga vitu vyake. Kaka yake Gichana angekuja na lori kumrudisha Kisii. "Umesema," alimwambia Rodah, na hakuongeza. Kusema ni kusema, lakini Okemwa alikuwa bado amekufa bure, na sasa kila mtu alikuwa na ushahidi wa macho kwamba Kiplangat hana hatia. Afisa wa polisi alimwuliza Rodah jambo moja tu: alikunywa au hakunywa? Rodah, kwa ugonjwa wake ule ule, akajibu alikunywa.

Alhamisi asubuhi, siku ya soko, Cheptoo alitoka kwenda kukamua, akarudi mbio. Langoni palikuwa na mtamba wa jamii ya Ayrshire, mwekundu, mwenye mimba changa, amefungwa kamba mpya. Walioamka mapema walikuwa wameliona gari la Kiplangat na lori dogo nyuma yake. Habari ilikuwa imeshafika senta. Watu wakasifu: tazama roho ya huyo kijana, mama amemchafulia jina, naye anamlipa wema. Mathew mwenyewe alisimama barabarani akasema, "Mama Cheptoo, sasa umeona. Sema asante, mambo iishe."

Rodah alimzunguka mtamba mara moja. Ng'ombe wake watatu walikuwa wanakula majani, wazima kabisa. Hakuna aliyekuwa amemdai Kiplangat ng'ombe, wala hakuna ng'ombe wake aliyekauka. Aliyejua kwamba huenda wakakauka ni mtu mmoja tu, yule aliyemwaga damu. Kijana alikuwa amelipia maziwa aliyoyanywa; na kwa Okemwa, kwa watoto wake, hajapeleka hata kuku.

Akafungua kamba. "Unampeleka wapi?" Mathew aliuliza. Rodah angeweza kupita njia ya shambani, hatua mia mbili tu hadi kwa jirani yake. Alishika barabara kuu, akashuka na mtamba hadi senta, akapita katikati ya soko, saa nne ya mchana, kati ya wauza viazi na wauza nguo za mitumba. Mwanzo watu walicheka. Kisha mzee mmoja akaona anakoelekea, akavua kofia, na kicheko kikaisha upande ule wa soko, halafu upande wa pili. Kwa Wakipsigis damu hulipwa kwa ng'ombe, tena si mmoja, na ng'ombe wa damu hupelekwa hadi mlangoni kwa waliofiwa, mchana, watu wakiona. Hata mtoto hakuhitaji kuelezwa.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya hoteli. Kiplangat alikuwa ndani yake. Kama mtamba ule ulikuwa zawadi tu, ilimpasa ashuke, aulize kwa nini zawadi yake inapelekwa kwa mjane wa Okemwa. Soko zima lilimngojea ashuke. Rodah naye alipunguza mwendo, akampa nafasi, maana hata sasa alitamani awe amekosea. Mlango wa gari haukufunguka.

Nyanchama alikuwa anabeba godoro kwenda kwenye lori. Alipoona ng'ombe na msururu wa watu nyuma yake, alirudi nyuma akashika mlango.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

Rodah alimwekea kamba mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Ni ya Okemwa," alisema. "Ni ya kwanza."