Ndoo ya Bwanali

Nikimwona Abdulkadiri amekaa barazani kwake, mguu juu ya mguu, anawaambia wageni, "Karibuni maji, tangi langu hilo," hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka. Wageni wanamsifu, naye anazipokea sifa kwa macho makavu. Mke wake, Esha, yuko jikoni anawapikia hao hao wageni, hasemi neno. Sasa kwa kuwa yeye hasemi, nitasema mimi jirani yake, Mama Gasper, niliyekuwapo tangu mwanzo.

Esha na mimi tunalingana umri. Wote tumezaliwa hapa hapa Newala, ukingoni mwa uwanda, ambako ukisimama nyuma ya nyumba unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na maji yote yako huko chini. Kwetu mtoto wa kike akianza kutembea vizuri anapewa kopo, akikua kidogo anapewa kidumu, akikua tena ndoo. Unashuka mteremko na ndoo tupu, unapanga foleni kwenye chemchemi, unapanda nayo kichwani magoti yanatetemeka. Bomba la mtaani lipo, lakini siku likitoa maji watu wanaulizana kuna mgeni gani mkubwa anakuja. Esha aliacha shule kwa sababu ya ndoo. Hakufukuzwa na mtu. Alichelewa akachapwa, akachelewa tena akachapwa tena, mwisho akaona bora abaki na kuchota maji moja kwa moja. Akaapa kwamba akizaa binti, binti huyo hatapita njia hiyo.

Binti alimpata mmoja tu, Rukaiya. Mtoto ana kichwa chepesi, hesabu anazifanya kwa kuzitazama, mpaka mwalimu wake alimwita Esha akamwambia huyu akisimamiwa ataingia sekondari ya wasichana kule Masasi. Esha akapanga jambo moja: nyumba ivuliwe nyasi, ipigwe mabati, na uani lichimbwe tangi la saruji. Mvua ikinyesha inateremka kwenye bati inaingia tangini, na mtoto akiamka asubuhi anakwenda shule, hashuki bondeni. Hakutaka kingine. Vitenge hakutaka, kabati la vyombo hakutaka.

Msimu wa mwaka tisini na tisa korosho zilikubali. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, malori yanapishana kutoka Tandahimba mpaka Kitangari, kila tajiri na mizani yake. Na mjue kabisa, mikorosho ile ni ya mama yake Esha, na nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha mama yake Esha, maana kwetu mwanaume anaoa na kuhamia. Esha aliziokota korosho zile kwa mkono wake, mgongo ukapinda. Abdulkadiri kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya salfa kwenye miti, na siku ya kuuza yeye ndiye akawa bwana shamba. Akaaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kununua mabati, eti huko kuna ya kuchagua.

Alirudi na televisheni iliyozungushiwa blanketi, na boksi lenye mashine ya gemu.

Nilikuwa pale uani. Esha aliuzunguka mkokoteni uliobeba mizigo, akatazama juu, akainama akatazama hata chini ya mkokoteni.

"Baba Rukaiya, mabati yanakuja na gari gani?"

"Mama Rukaiya, dunia imefunguka," Abdulkadiri akamjibu, anacheka. "Wenzetu mjini kila nyumba ina kitu hiki. Mabati yapo tu, hayakimbii."

Nilitamani kumzaba kibao mume wa mwenzangu. Nilimuuliza kama mashine hiyo inakinga mvua, akaniambia mambo ya nyumba ya watu niyaachie wenyewe.

Basi nyumba ile ikawa kijiwe. Jioni umeme ukiwaka wanaume wamejaa sebuleni, wanapigana vikumbo kugombea zile pedi za kuchezea, huyu anakimbiza gari, yule anafunga bao, kelele mpaka kwangu. Mwanangu Gasper, kijana mzima mwenye ndevu, alikuwa haonekani nyumbani. Na aliyekaa kiti cha mbele daima ni Bwanali, rafiki wa Abdulkadiri, waliingia jando pamoja, hawaachani. Bwanali hana mke wala dada hapa mjini, anaishi peke yake chumba cha kupanga. Rukaiya anamwita baba mdogo.

Esha alipitisha muda wote wa mvua akikinga maji kwa sufuria chini ya nyasi zilizooza. Rukaiya alikuwa ameingia darasa la saba. Mvua zilipokatika, mtoto akaanza tena kushuka bondeni alfajiri na kufika darasani vipindi vimekwishaanza. Hapo ndipo Esha alipoingia sebuleni wanaume wote wakiwa wamekaa, akazichomoa pedi zote mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Kuanzia leo," akasema, "anayetaka kucheza kwenye nyumba hii alete ndoo moja ya maji. Imejaa. Aimimine kwenye pipa langu kwa mkono wake, ndipo nimpe pedi."

Walicheka, jamani. Mwanaume aliyetoka jandoni akabebe ndoo? Kwetu hilo halipo. Mwanaume akileta maji ni kwa baiskeli, tena ya kuuza, na mteremko ule baiskeli haishuki. Abdulkadiri akasema mke wake anamtia aibu mbele za watu. Esha akamwambia achukue mashine yake aichezee bila pedi, akaenda kulala.

Waliikodolea macho ile mashine jioni chache, wakashindwa. Wa kwanza alikuwa Gasper wangu. Alipita mtaani na ndoo begani, si kichwani, shingo kaikaza na kujitia hamnazo, na wanawake tukatoka nje wote kumtazama. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu wengine wakafuata. Kila jioni wanapanga mstari mlangoni kwa Esha, ndoo begani, wanahema, na yeye anasimama pembeni ya pipa kama karani wa ghala. Bwanali naye, ndoo yake ya kijani.

Pipa likajaa, likanunuliwa la pili. Rukaiya hakutumwa tena maji ya nyumbani. Esha akachangamka, akainuka mwenyewe kuichunguza mashine. Akagundua kwamba ukiweka sidii ya taarabu inaimba kupitia televisheni, basi mchana umeme ukiwapo tunabangua korosho za kula kwenye uwanja wake huku tunasikiliza muziki. Ulipofika wakati wa salfa, na vumbi la njano likaingia mpaka ndani ya kabati, mashine ikagoma kusoma. Wanaume wakaigonga, wakaipuliza, wakasema imekufa. Esha akaifuta kwa kitambaa laini, akaigeuza juu chini, kifuniko kikaangalia sakafu, ikasoma. Ikawa inachezwa imelala kifudifudi. Alikuwa ananiambia, "Mama Gasper, wameniletea upuuzi, lakini nitaukamua mpaka utoe maji." Nami nilimwamini, maana maji nilikuwa nayaona.

Mwezi wa nane kulitokea msiba kijiji cha bondeni. Tuliondoka mimi na Esha jua limeshatoka, kengele ya shule imeshalia. Njia inapita kwenye chemchemi, na foleni ilikuwa ndefu, wasichana tupu. Nikamwona Julia wangu, mdogo wake Gasper.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unachota ya nani tena? Ya nyumbani si umeleta jana?"

Akatazama chini. "Ya kaka. Ya gemu."

Nikamuuliza wa mbele yake. Ya kaka. Wa nyuma yake. Ya mjomba. Wote walikuwa wanachota ndoo za gemu. Wanapanda nazo kichwani mlima mzima, wanazificha nyumbani, na jioni wanazibeba mpaka kwenye mkorosho wa kona. Pale kaka mtu anaipokea, anaiweka begani, anatembea hatua za kumfikisha mlangoni, na anahema. Anahema kwa kazi ipi? Nilianza kutukana, nikawatukana wanaume wote kwa majina, na wa kwangu nikamtanguliza. Nilikumbuka nilivyokaa chini nikicheka, na dada yake kumbe alikuwa nyuma ya mkorosho anapangusa jasho.

Esha hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama kando ya foleni, kwa waliokwisha kuchota, kwenye sketi ya bluu na blauzi nyeupe. Rukaiya, na sare ya shule, ngata mkononi, ndoo ya kijani imejaa mbele ya miguu yake.

"Ndoo ya nani hiyo?" Esha akamuuliza.

"Ya baba mdogo Bwanali."

"Nani amekutuma?"

"Baba. Alisema baba mdogo hana wa kumchotea, na asipoingia, yeye baba hana wa kucheza naye. Akasema nisikwambie."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutaka ndoo, mama."

Kila asubuhi ya shule. Mama anamwona ametoka mapema, anajua anawahi usafi wa shule, kumbe anapitia ndoo kwa Bwanali. Kipindi cha kwanza cha darasa la saba kilikuwa hesabu, naye alikuwa anafika kinafutwa ubaoni.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Rukaiya alianza kulia. "Ulikuwa unafurahi. Kila siku ulikuwa unasema pipa limejaa."

Esha aliinama, akaishika ile ndoo, akaimwaga. Pale pale, chini, yote. Kwetu hakuna mtu anayemwaga maji. Maji ya kunawia uso tunayaoshea miguu, ya miguu tunamwagilia mche. Kibibi kimoja kwenye foleni kikashika mdomo. Esha akamshika mtoto mkono, akapanda naye mlima mpaka mlangoni mwa darasa. Msibani nilikwenda peke yangu.

Jioni nilimfuata Abdulkadiri nyumbani kwake, nikakuta anajitetea.

"Ndoo moja tu," anasema. "Mtoto wa kike kuchota maji ni ajabu ya wapi?"

Nilimpa maneno yake. Nilimwambia amemuuza mtoto wake ili apate mtu wa kushindana naye kukimbiza magari ya uongo. Akanitoa nje, nikaendelea kusemea nje. Esha hakupaza sauti. Aliirudisha mashine kwenye boksi lake, na pedi zake, na sidii zake, akaizungushia televisheni blanketi lile lile iliyokuja nalo.

"Hiyo ni mali yangu, Mama Rukaiya," Abdulkadiri akasema.

"Ni korosho za mama yangu," akamjibu.

Bwanali alipofika na ndoo nyingine tupu anaulizia maji yake, alikuta mlango umefungwa. Kesho yake Esha alipanda gari la Tandahimba, ambako mfanyabiashara mmoja alikuwa anatafuta mashine ya kuweka dukani kwake. Walibadilishana mali kwa mali. Alirudi juu ya lori, amekalia mabati na mifuko ya saruji, na michirizi ya kukingia maji imefungwa pembeni. Shimo la tangi alilichimba na kaka zake. Abdulkadiri alinuna mpaka paa lilipokwisha, kisha akaja kusimama chini anaonyesha kwa kidole bati lipi limekaa upande. Mimi kwangu nilifanya langu: Gasper anachota maji mpaka leo, tena anabeba kichwani, na Julia anamtazama amekaa.

Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa. Esha alimwamsha mtoto, akamchemshia chai, akamsindikiza. Siku zote zile chache zilizobaki Rukaiya aliwahi hesabu, lakini za mwezi wa tano, wa sita na wa saba nani angemrudishia? Mvua za kwanza ziliposhuka, tangi lilijaa kwa wiki moja, nasi tukaja kulichungulia. Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa tangi limeshajaa. La Rukaiya halikuwamo. Mwalimu alimwambia Esha kwamba masomo mengine alifanya vizuri sana, hesabu ndizo zilizomwangusha. Esha alirudi nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa tangi mchana kutwa, na hakutaka mtu amwambie pole.

Sasa Jumapili iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Masasi, anajuana na Abdulkadiri kwa mambo ya korosho. Nilikuwa barazani nimepeleka mboga. Abdulkadiri akaanza wimbo wake: bati hilo, tangi hilo, nilihangaika, nikaona familia isipate shida. Rukaiya akaleta maji, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Una bahati wewe, maji uani. Uko kidato cha ngapi?"

"Sisomi, babu."

"Husomi kwa nini? Baba yako si amekuondolea shida yote?"

Rukaiya alimtazama baba yake kwanza, halafu mgeni.

"Nilikuwa nachelewa darasani," akasema. "Nilikuwa nachota ndoo ya baba mdogo Bwanali, aje acheze gemu na baba."

Mzee akakiweka kikombe chini, hakunywa. Jikoni mwiko ukanyamaza. Abdulkadiri akacheka peke yake, akasema mtoto huyu ana maneno, akampa jagi akaongeze maji.

Akaenda akaongeza.