Karata za Noeli, Mwaka Tuliopewa Nyumba Yao

Kwetu, bibi na bwana hawakucheza upande mmoja. Ndiyo ilikuwa sheria ya karata zetu za Noeli: mimi nacheza pamoja na bwana wa rafiki yangu, na bwana wangu anacheza pamoja na rafiki yangu. Sheria hiyo tuliiweka mwaka wa kwanza, baada ya bwana wangu kunifokea mbele ya watu kwa ajili ya karata moja, nami nikamnyima maneno mpaka mwaka mpya. Toka hapo, mwenye kutaka kugombana agombane na wa mwenzake, kisha alale kwake kwa amani. Mchezo ulikuwa belote, ambao baba zetu waliuokota kwa Wabelgiji wa reli na mgodi: watu wanne, wawili kwa wawili. Tulicheza hivyo Noeli kumi na moja.

Mwaka ninaousema ni ule ambao watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Sitaueleza sana, waliouona waliuona. Rafiki zetu walikuwa watu wa Kasai. Walikuwa wamezaa mapacha, kwa hiyo kila mtu aliwaita Papa Mapasa na Mama Mapasa, na sisi vilevile. Papa Mapasa alizaliwa hapahapa kwetu Lubumbashi, baba yake alizikwa Lubumbashi, Kasai yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, kwenye matanga. Haikumsaidia kitu. Alikuwa mkuu wa karakana katika kampuni ya migodi, na bwana wangu alikuwa msaidizi wake. Mwezi wa kumi na moja walimwambia asirudi kazini, na nyumba ya kampuni aiache kabla mwaka haujaisha. Wenzao walikuwa wamekwisha kujaa kwenye gare, kituo cha treni, wanalala chini majuma na majuma wakingoja treni. Mapasa wenyewe, wale mapacha, waliokuwa wanasoma chuo kikuu cha Kasapa, walikuwa hukohuko wanalinda mizigo.

Majuma mawili kabla ya Noeli bwana wangu alileta barua nyumbani. Alikuwa amepewa kazi ya Papa Mapasa. Pamoja na kazi, alikuwa amepewa nyumba ya Papa Mapasa.

Niliisoma nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikaiweka chini, nikamaliza kuchambua sombe. Watoto wangu wakubwa huniuliza siku hizi nilisikia nini moyoni, nami nawaambia ukweli, sikusikia kitu. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua ni wako, unaugusa, wenyewe haujui. Mwaka ule nilikuwa hivyo kwa mambo yote. Mshahara ulikuwa hauji, hospitali haina dawa, jirani anaondoka na godoro kichwani, na mimi napika.

"Tutabaambia," bwana wangu alisema. "Sisi benyewe. Basisikie kwa muntu mwingine."

"Siku gani?"

"Ku Noeli. Kabla ya karata."

"Kabla ya karata ni chakula. Utabaambia na mukono mu sahani? Bakule kwanza."

Hivyo tukapatana: wale kwanza, kisha bwana wangu aseme. Nilitaka aseme. Nataka ieleweke hivyo. Mtu uliyekula naye miaka kumi na moja hawezi kupanda treni akiwa hajui kwamba kitanda chako kitaingia chumbani kwake.

Walikuja saa sita mchana, kwa sababu siku zile hakuna aliyetembea jua likishuka. Walivaa vizuri. Mama Mapasa alileta mikate ya mafuta, tena ya moto. Unga aliupata wapi sijui, sikuuliza. Kuku alitoka Lukafu kwa mjomba wangu, nilikuwa nimempika tangu asubuhi. Kabla hajakaa, Mama Mapasa alimpiga bwana wangu begani.

"Bwana yangu ya karata, leo usinipatishe haya."

"Miye njo niko chef," bwana wangu akajibu. Ni jibu lake la kila mwaka, la kujiita mkubwa, lilimtoka lenyewe. Alipolisikia, akainama akatafuta kiti.

Tulikula. Bukari, ugali wetu, ilikuwa nzuri, kuku alikuwa mzuri, Papa Mapasa alisema hivyo mara tatu. Nilipotoa sahani nilimwangalia bwana wangu, kumwambia kwa macho: sasa. Yeye akaniangalia mimi, kuniambia: wewe. Nikaenda jikoni kuosha mikono iliyokuwa safi. Niliporudi alikuwa anachanganya karata. Wanasema uso umeumbwa na haya. Wetu siku ile sijui uliumbwa na nini.

Basi nikafikiri, atasema tukicheza. Bwana wangu ni mtu wa hivyo, maneno mazito anayatoa mikono ikiwa na kazi. Alinichumbia hivyohivyo, anatengeneza baiskeli ya kaka yangu. Kwa hiyo nilicheza nikimngoja yeye, nikawa siangalii karata.

Papa Mapasa alitoa asi. Asi ile ilikuwa inashinda, hakuna ambaye angeigusa, mkono ulikuwa wetu. Mimi wa upande wake ningetupa karata yoyote ndogo. Lakini nilitoa valet ya atu, yaani ya rangi inayotawala, karata kubwa kuliko zote katika belote, nikamkatia mwenzangu mwenyewe. Kwa lugha ya mchezo, nilimnyang'anya alichokuwa nacho tayari. Hata mtoto hafanyi hivyo.

Papa Mapasa nilimjua. Kwa kosa dogo kuliko hilo alikuwa anasukuma kiti, anaita mbingu, ananiuliza kama nilijifunza belote kwa mapadri. Mwaka mmoja aligoma kula keki. Nilingoja anigombeze. Kweli niliitamani kelele yake.

Akaziokota zile karata nne taratibu, akazisukuma upande wangu.

"Ni yako, partenaire," akasema. "Endelea. Ni zamu yako."

Hapo nilijua kwamba anajua. Bwana wangu hakuona, alikuwa anapanga karata zake kwa rangi. Mama Mapasa alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Nilitoa karata nyingine, sikumbuki ipi. Tulicheza mpaka saa kumi, na sijawahi kucheza na watu wenye adabu namna ile. Hakuna aliyelalamika. Mama Mapasa na bwana wangu walishinda, na walioshinda hawakucheka.

Nilikuwa na muda wote huo wa kufungua kinywa. Nilifungua mara nyingi, nikasema mwongeze mikate, mwongeze bia.

Mlangoni Papa Mapasa alimshika bwana wangu mkono, hakuuachilia upesi.

"Ile mulango ya nyuma," akamwambia, "ukifunga, inua kwanza. Ukiacha kuinua, hayifunge. Na robinet ya mayi ku jikoni usikaze sana, itakatika."

Bwana wangu, ambaye heri angenyamaza tu, akauliza: "Mulango ya wapi?"

"Ya nyumba," Papa Mapasa alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyomwachia mtu zamu kazini.

Mama Mapasa alikuwa ananitazama mimi. "Ule mama mwenye kupiga barua na mashini ku bureau ya kampuni, tunaimba naye ku korali," akasema. "Tulijua siku ileile."

"Sasa kama mulijua, mulikuya..." nikaanza.

"Tulikuya mutuambie. Toka saa sita tunangoja."

Pale ndipo neno lilipotakiwa litoke, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lilikuwa lingali linaweza kutoka. Niliona uso wake unaningoja, uso wa mtu aliyekesha nami siku tatu nilipompoteza mama yangu, na moyoni hakukujongea kitu. Nje wingu lilikuwa limeshuka juu ya mabati. Kinywa changu kikafunguka, kikasema:

"Mvula inakuya. Mubebe parapluie yetu."

Nikaushika mwavuli nyuma ya mlango, nikamnyooshea. Aliutazama mkononi mwangu, hakuupokea.

"Tutarudisha wapi?" akaniuliza.

Wakatoka hivyo. Mvua iliwakuta kabla hawajafika kwenye kona, wala hawakukimbia, na mimi nilibaki mlangoni na ule mwavuli mpaka bwana wangu aliponiambia niingie ndani.