Magunzi Yaliyokunywa Rangi

Nilikuwaga natia rangi batiki nyuma ya nyumba ya mama, Buhare. Alikuwa amebaki peke yake tangu tumzike baba kule Butiama. Maji machafu niliyamwaga mtaroni bila wasiwasi, mpaka siku aliponiita kisimani. Maji ya ndoo yake yalikuwa na ubuluu kwa mbali.

"Haya ndiyo nakunywa, mwanangu," alisema. Hakugomba hata kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaapa sitamtilia mama sumu kwa mikono yangu. Fundi mwenzangu wa Bunda akanielekeza: choma magunzi ya mahindi kwenye debe lililofunikwa mpaka yawe mkaa, yapange kwenye ndoo yenye matundu, mchanga chini, mimina taratibu. Maji yaliingia ya buluu, yakatoka meupe pee! Nilirukaruka kama mwehu. Mama akachungulia, akakunja uso.

"Rangi imeenda wapi?"

"Imeliwa na magunzi, mama."

"Halafu?"

"Halafu nini tena, mama nawe! Imekwisha."

Magunzi yaliyotumika niliyaanika juu ya jiwe ili niyafukie yakikauka. Kila siku nasema kesho. Uvivu wangu huo. Yakawa yanapungua, nami nikawalaumu mbuzi wa jirani.

Wiki hiyo mama akaanza kukohoa. Mchana mmoja nikaingia jikoni kwake, kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Moto ulikuwa wa kijani. Kijani kabisa, unawaka kimya kimya, na uso wa mama uliouinamia ulikuwa kijani vilevile. Hakukuwa na sufuria. Hakuwa anapika chochote, ameshika rozari tu.

"Funga mlango," alinong'ona. "Baba yako anakujaga hivi. Leo siku ya nne."

Pembeni yake palikuwa na kikapu cha magunzi yangu. Mungu wangu! Nani huku kwetu angeacha mkaa mzuri hivyo upotee juu ya jiwe? Nikamweleza kwamba ile ni rangi yangu yenye shaba inaungua, ndiyo inayomkohoza, na moshi ukinikwaruza koo na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Ila usiuzime."

Kikohozi kikamkunja. Nikatoka nikabeba ndoo ya yale maji meupe, nikaumwagia moto. Mama alipiga yowe ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku tuliyomzika baba.