Ukumbi Usiokaliwa

Mchora ramani alikuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni. Mama yake alizoea kusema, "Wewe hata ukipewa maji utauliza yametoka bomba gani."

Alipokabidhiwa kazi ya kuchora nyumba za wapangaji wa kipato kidogo, aliweka roho yake yote humo: madirisha mapana, kuta za mbao zinazosukumwa ili chumba kimoja kiwe viwili, na chini kabisa ukumbi wa wote.

Mwaka mmoja baada ya watu kuhamia, alirudi kutazama. Ukumbi ulikuwa mtupu, meza zimejaa vumbi. Watu walibanana ngazini, ghorofa ya pili, wakichambua mchele na kusukana nywele.

Kazini wakasema watu hawajui kizuri. Yeye hakuridhika. Kesho yake akabeba mto wa kukalia, akaenda kuketi nao. Siku ya kwanza walimkwepa. Siku ya pili fundi cherehani, mama wa makamo, akamwambia, "Sogea mwanangu, umekalia njia ya jua."

"Njia ya jua?"

"Saa nne liko dirishani pale, saa sita linafika hapa. Nami nashona nikilifuata."

"Mbona ukumbini kuna mwanga zaidi?"

"Upo, lakini nikiwa kule maharage yanaungua sina habari. Hapa nanusa sufuria yangu, na ya jirani pia."

Majirani wakacheka.

"Na kuta za kusukuma nilizochora?"

"Hapo umetuweza. Mkwe akija, nasukuma, anapata chumba. Akinichosha, narudisha."

Kwenye jengo la pili akachora baraza pana kila ghorofa, madirisha ya jikoni yakifungukia humo. Bosi wake akanung'unika kwamba nafasi inapotea bure. Mchora ramani akamwomba aende tu akakae ngazini kwenye jengo la kwanza. Bosi alikwenda akisema ni dakika kumi tu, akakaa saa mbili, mtoto wa watu amemlalia begani. Ramani akaitia saini.

Jengo lilipokaliwa, mchora ramani alipanda kukagua. Barazani, ghorofa ya tatu, akakuta kitanda, na juu yake mzee aliyevunjika mguu, akicheza bao na jirani.

"Shikamoo mzee. Nani kakuleta huku?"

"Marahaba. Nimejileta. Ndani nilikuwa naugua mguu na upweke. Sasa naugua mguu tu."

Hilo hakuwa amelifikiria. Akaomba ruhusa, akainama kupima upana wa kitanda kwa ajili ya ramani ijayo.